Wavu na Utando: Kumbukumbu ya Hesabu za Nuru kutoka Galbet

Katika kata ya Galbet, mjini Garissa, ambako jua huwaka takriban mwaka mzima na joto la adhuhuri hupita nyuzi 35 za Selsiasi kwa miezi mingi, swali la namna nuru inavyopenya, inavyoakisiwa na inavyofyonzwa na kitu chembamba kilichopakwa juu ya kioo linagusa maisha ya kila siku. Vioo vya madirisha ya maduka na ofisi, paneli ndogo zilizofungwa juu ya mapaa ya mabati, na tangu Desemba 2019 paneli zaidi ya 200,000 za mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, wenye uwezo wa takriban megawati 50 na uliotandazwa katika hekta 85, vyote hutegemea tando ambazo jicho haliwezi kuzikadiria unene. Kumbukumbu hizi zinafuatilia jinsi hesabu za tando za aina hiyo zilivyobadilika katika muda ambao mwandishi wake, mzaliwa wa Galbet aliyesomea fizikia Nairobi, amekuwa akizishughulikia. Na kiini chake ni kazi moja ambayo vitabu vingi huipitia juu juu, yaani kuligawa umbo katika vipande vidogo vidogo, au kulisukia wavu, ili kompyuta iweze kukokotoa nuru inavyosafiri ndani yake.

Utando unaozungumziwa hapa ni tabaka la maada ambalo unene wake hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Nuru inayoonekana ina mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi, kwa hiyo utando wa nanomita 75 ni mwembamba kuliko wimbi lenyewe, na uwezo wake unatokana na wembamba huo. Silikoni tupu huakisi zaidi ya asilimia 30 ya nuru inayoiangukia. Lakini ikipakwa nitraidi ya silikoni, ambayo hupunguza mwendo wa nuru hadi nusu ya mwendo wake katika ombwe, kwa unene wa nanomita 75, wimbi linaloakisiwa kwenye uso wa juu wa utando na lile linaloakisiwa kwenye uso wa chini hukutana kilele cha moja kikiwa juu ya bonde la jingine, yakafutana, na nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 ikaingia karibu yote. Rangi ya buluu inayoonekana kwenye paneli nyingi ni nuru ya mawimbi mafupi ambayo unene huo haukuweza kuifuta kabisa.

Hapo mwanzo hesabu za tando hazikuhitaji wavu wowote. Utando ulichukuliwa kuwa bapa, laini na mpana usio na mwisho, na milinganyo ya Maxwell, ambayo ndiyo sheria ya mienendo yote ya umeme, sumaku na nuru, ilipungua hadi kuwa kuzidisha matriksi ndogo za safu mbili kwa mbili, moja kwa kila tabaka. Kazi hiyo ingeweza kufanywa kwa programu fupi kwenye kompyuta ya kawaida, na matokeo yake yalikuwa ya kuaminika kabisa, kwa sababu dhana iliyowekwa kuhusu utando ilikuwa wazi mbele ya macho ya kila msomaji. Kwa njia hiyo Afrika Mashariki ilitoa kazi za kuheshimika. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akishirikiana na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Uppsala nchini Uswidi, alichapisha tafiti kuhusu tando za oksidi ya vanadi, maada ambayo, kama Morin alivyoonyesha mwaka 1959, hugeuka kutoka hali ya kupitisha joto la jua hadi hali ya kulizuia inapofikia nyuzi 68 hivi za Selsiasi. Katika tafiti hizo tabaka za oksidi ya vanadi zilipangwa kwa kupishana na za oksidi ya titani ili kioo kipitishe nuru nyingi zaidi inayoonekana, na magnesi iliyochanganywa ndani ya utando iliishusha halijoto ya mgeuko. Mtu wa Garissa hahitaji kuelezwa sana faida ya dirisha linalojifunga lenyewe dhidi ya joto bila kukitia chumba giza, na mwandishi hakuwahi kukutana na tafiti nyingine za fizikia zilizomgusa kwa karibu namna hiyo.

Mambo yalianza kuwa magumu utando ulipoacha kuwa bapa. Fedha inayopakwa kwenye vioo vya kuzuia joto huwa na unene wa karibu nanomita 10, na ikipakwa nyembamba zaidi ya hapo huwa haitandai vizuri bali hujikusanya kuwa visiwa vidogo vilivyotengana. Silika inayopakwa juu ya kioo cha paneli hutengenezwa kwa makusudi ikiwa na vinyweleo, ili kiwango chake cha mpindo, yaani namba inayoeleza nuru imepunguziwa mwendo mara ngapi ndani ya maada, kishuke kutoka 1.5 ya kioo hadi kukaribia 1.22, na oksidi ya vanadi yenyewe, kama Niklasson, Granqvist na wenzao walivyokokotoa mwaka 2010, hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa chembe za nanomita chache zilizotawanywa ndani ya maada angavu kuliko ikiwa utando mzima. Kwa maumbo ya namna hii wataalamu wa zamani walikuwa na mbinu ya wastani, iliyoasisiwa na Maxwell Garnett mwaka 1904 na kuendelezwa na Bruggeman mwaka 1935, ambayo huuchukua mchanganyiko wa chembe na hewa kana kwamba ni maada moja yenye kiwango kimoja cha mpindo. Mbinu hiyo ni njema chembe zinapokuwa ndogo sana kuliko wimbi na zisipokaribiana mno. Zikikua hadi kufikia nanomita mia moja au zaidi, au zikisogeleana hadi nafasi baina yao iwe nanomita moja au mbili, wastani huficha kile hasa kinachotafutwa, na hapo hapabaki njia ila kulichora umbo lenyewe na kulisukia wavu.

Wavu wa kwanza ambao wanafunzi wengi huutumia ni ule wa Kane Yee wa mwaka 1966, ambao hukata nafasi yote kuwa matundu ya mchemraba yaliyolingana na kuhesabu uga wa umeme na uga wa sumaku, yaani nguvu zilizoenea kila mahali katika nafasi, kwa kupishana hatua kwa hatua ya wakati. Uzuri wake ni usahili, nao ulileta nuru katika kompyuta za watu wasio na fedha nyingi. Gharama yake hudhihirika mtu anapokaa na kuhesabu. Kipande kinachojirudia cha utando, chenye upana wa nanomita 500 kila upande na kimo cha nanomita 1500 pamoja na hewa na kioo, kikisukiwa matundu ya nanomita 5, hutoa matundu milioni 3, ambayo kwa namba sita za uga katika kila tundu huhitaji kumbukumbu ya kompyuta isiyozidi megabaiti 150. Mashine yoyote hulimudu jambo hilo. Lakini utando wa fedha wa nanomita 10 ungepata matundu mawili tu katika unene wake, ilhali ndani ya fedha uga wa nuru hufifia kwa haraka, ukipungua zaidi ya nusu kila baada ya nanomita 20 hadi 30, na kwenye kingo za visiwa hubadilika ndani ya nanomita moja au mbili. Tundu likipunguzwa hadi nanomita 1, idadi hupanda kuwa milioni 375, na kumbukumbu inayohitajika huwa gigabaiti 18 kwa namba za uga peke yake.

Tena gharama haiishii kwenye kumbukumbu. Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha mwaka 1928 kwamba hatua ya wakati katika hesabu za namna hii lazima iwe fupi kiasi kwamba wimbi lisiweze kulivuka tundu kwa hatua moja, la sivyo namba huvimba bila kikomo na hesabu nzima huharibika. Kwa tundu la nanomita 1 inahitajika zaidi ya hatua 1000 ili kufuatilia mtetemo mmoja tu wa nuru ya nanomita 600, na mitetemo inayohitajika kabla uga haujatulia huwa mingi. Kulipunguza tundu mara tano kwa hiyo huongeza kazi mara 625. Katika miaka ambayo kompyuta za mwandishi na wenzake zilikuwa na gigabaiti 1 au 2, wavu wa nanomita 1 katika vipimo vitatu haukuwezekana kabisa, na mipango ya utafiti iliandikwa kwa kuuzunguka ukweli huo: umbo la pande tatu lilihesabiwa kama la pande mbili, ulinganifu ulitumika ili robo tu ya umbo ikokotolewe, na mawimbi machache yaliyochaguliwa yalisimamia jua zima.

Matundu ya mchemraba yana kasoro nyingine, nayo ni kwamba uso uliopinda hugeuka ngazi. Tufe la fedha likichorwa kwa ngazi, kila kipembe cha ngazi hukusanya uga kana kwamba ni ncha ya kweli, na picha inayotoka huonyesha madoa angavu yenye kuvutia ambayo hayapo katika maumbile. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Massachusetts walionyesha namna ya kulainisha matundu yaliyokatwa na mpaka kwa kuyapa wastani unaotofautiana kulingana na mwelekeo wa uga, na mbinu hiyo ikaingizwa katika programu huria ya Meep, ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuipata bila malipo. Hata hivyo ulainishaji huo hufanya kazi vizuri zaidi kwa kioo na oksidi kuliko kwa metali, na suala la fedha halikumalizika.

Njia mbadala ilikuwa kuuacha mchemraba na kuchukua vipande vyenye nyuso nne za pembetatu, ambavyo vinaweza kuwa vidogo penye uga mkali na vikubwa penye utulivu, na ambavyo hufuata mkunjo wa uso bila ngazi. Jean-Claude Nédélec alikuwa ameshaweka msingi wake mwaka 1980, alipobuni vipande ambavyo uga wa umeme huwekwa kwenye kingo zake badala ya kwenye pembe, na baadaye ikadhihirika kwamba kwa njia hiyo majibu ya uongo yaliyokuwa yakijipenyeza katika hesabu hutoweka. Waliohamia njia hii walitarajia nafuu, na nafuu ilikuwapo, lakini wavu wenyewe sasa ukawa ndio kazi kubwa. Kuusuka wavu wa utando wa nanomita 10 katika kipande cha maikromita kadhaa kunafanana na kuchora ramani ya Mto Tana kutoka milimani hadi Kipini kwa sharti kwamba kila jiwe la ukingoni lionekane: vipande vya ndani ya utando lazima viwe vya nanomita chache, vile vya hewani vinaweza kuwa vya makumi, na baina yao lazima pawe na ngazi ya ukubwa inayopanda polepole, kwani vipande vikirefushwa vikawa kama vijiti au vikabapazwa kama maganda, matriksi inayotokana nayo huwa karibu haitatuliki. Zaidi ya hayo, kipande kinachojirudia hudai kwamba wavu wa uso wake wa kushoto ulingane pembetatu kwa pembetatu na wa kulia, na wa mbele na wa nyuma, na kisiwa kimoja cha fedha kikikatwa na mpaka mahali pasipofaa, ulinganifu huo huvunjika.

Mfano mmoja unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa maana ndani yake mna takriban kila kitu. Chukua tufe la fedha lenye kipenyo cha nanomita 60 lililotua juu ya utando laini wa fedha. Katika mchoro, tufe linagusa utando kwenye nukta moja, na programu ya kusuka wavu hutakiwa kuijaza nafasi ya hewa iliyobaki baina ya mkunjo na ubapa. Umbali wa nanomita 10 kutoka kwenye nukta ya mguso nafasi hiyo ina kimo cha nanomita 1.7 hivi, umbali wa nanomita 5 ina kimo cha nanomita 0.4, na umbali wa nanomita 1 ina kimo kisichofika nanomita 0.02, yaani chini ya moja ya kumi ya upana wa atomu moja ya fedha. Programu isiyojua atomu ni nini huendelea kutengeneza vipande vidogo zaidi na zaidi kuifuata pembe hiyo isiyo na mwisho, mpaka ijaze kumbukumbu yote au isimame na kutoa taarifa ya hitilafu. Mwanafunzi huiona taarifa hiyo kama kasoro ya programu. Kumbe ni mchoro ndio unaodai jambo lisilokuwapo, kwa sababu katika kipimo hicho fedha si maada laini yenye uso, na kiwango cha mpindo hakina tena maana.

Marekebisho ni mawili, na yote mawili huandikwa kwa mstari mmoja wa programu. Tufe linaweza kuinuliwa nanomita 1, au linaweza kuzamishwa nanomita 1 ndani ya utando. Wavu hukubali kusukwa kwa urahisi katika hali zote mbili, na mtu mwenye haraka anaweza kudhani kwamba tofauti ya nanomita mbili haina uzito. Lakini tufe lililozamishwa limeungana na utando kwa shingo yenye upana wa nanomita 15 hivi, mkondo wa umeme hupita humo, na nuru inayofyonzwa ni ya rangi nyingine kabisa. Tufe lililoinuliwa halipitishi mkondo, chaji hukusanyika pande mbili za mwanya, na uga ndani yake huwa mkali mara nyingi kuliko wa nuru iliyoingia. Kuchagua mojawapo ni kutoa kauli kuhusu utando halisi uliotengenezwa maabara: je, chembe zilitoka kwenye myeyusho zikiwa zimevikwa molekuli zenye unene wa takriban nanomita 1, ambapo mwanya upo kweli, au visiwa vilijikusanya vyenyewe kutokana na joto, ambapo vimeshikamana na kilicho chini yake? Jibu liko kwa aliyepika utando na kwenye picha za hadubini ya elektroni, wala haliko ndani ya programu. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo mafunzo ya wavu yangepaswa kuanzia, ilhali mara nyingi huanzia kwenye orodha ya vitufe vya kubonyeza.

Jambo hilo hilo huonekana kwenye kona kali. Mchemraba wa fedha uliochorwa kwa kona kamilifu hutoa uga unaozidi kukua kila wavu unapofanywa mwembamba, kwa sababu kihesabu uga kwenye ncha isiyo na mviringo hauna ukomo. Kona ikiviringishwa kwa nanomita 2 au 3, kama zilivyo kona za kweli, jibu hutulia.

Kisha hali ya vifaa ilibadilika. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na baada ya muda mtafiti aliyekaa Nairobi, au hata Garissa kwenyewe, aliweza kuipeleka kazi yake kwenye kompyuta kubwa zilizo mbali na kuyapokea majibu siku ya pili. Programu huria kama Gmsh, iliyoelezwa na Geuzaine na Remacle mwaka huo huo wa 2009, ziliufanya usukaji wa nyavu kuwa kazi ya mtu yeyote mwenye subira. Katika mafunzo ya pamoja, ikiwa ni pamoja na yale ya mtandao wa MSSEESA unaowaunganisha watafiti wa sayansi ya maada na nishati ya jua wa mashariki na kusini mwa Afrika, uigaji wa nuru kwa kompyuta haukuwa tena jambo la kusimuliwa kutoka ng'ambo. Matundu milioni 375 yaliyokuwa ndoto yakawa kazi ya usiku mmoja.

Wingi huo wa uwezo ulileta faraja ya kweli, na si haki kuukumbuka ufukara wa zamani kana kwamba ulikuwa neema. Lakini ulileta pia namna mpya ya kupotea. Mtu aliyekuwa na gigabaiti 1 alilazimika kuamua, kabla ya kuwasha mashine, ni wapi uga utakuwa mkali na ni wapi utakuwa mtulivu, na uamuzi huo ulimlazimu aifikirie fizikia. Mwenye gigabaiti mia tano anaweza kuamuru wavu mwembamba kila mahali na bado akakosea, kwa kuwa wembamba wa kila mahali huwa hautoshi penye mwanya wa nanomita 1. Wengi hujituliza kwa kuangalia kama nuru iliyoakisiwa, iliyopenya na iliyofyonzwa zikijumlishwa zinatoa asilimia 100. Kipimo hicho ni cha lazima, lakini si ushahidi wa usahihi. Mbinu ya Moharam na Gaylord ya mwaka 1981, inayoliandika umbo linalojirudia kama jumla ya mawimbi na kuepuka wavu wa kawaida, inaweza kutoa hesabu timilifu ya nishati kwa utando usiofyonza nuru hata pale mawimbi yaliyotumika ni machache mno na jibu halina maana. Tena kwa metali mbinu hiyo ilitulia polepole mno kwa nuru yenye mwelekeo mmoja wa mtetemo hadi mwaka 1996, sababu ilipogunduliwa katika namna ya kuzizidisha jumla hizo kwenye mpaka wa maada mbili. Ushahidi unaokubalika ni kuupunguza wavu mara kadhaa na kuonyesha kwamba jibu limeacha kusogea, na kisha kulipima dhidi ya umbo ambalo jibu lake linajulikana kwa kalamu, kama tufe pweke ambalo Gustav Mie alilitatua mwaka 1908.

Hatua ya hivi karibuni zaidi imekuwa ya kuuondoa wavu mahali ambapo hauhitajiki. Utando laini wa fedha wa nanomita 10 unaweza kufutwa kabisa kwenye mchoro na mahali pake pakawekwa sharti la mpaka, yaani kanuni inayoueleza uga wa upande mmoja kwa uga wa upande wa pili kana kwamba utando una unene sifuri lakini bado unapitisha mkondo. Mamilioni ya vipande vilivyokuwa vikijazwa ndani yake huondoka, na jibu hubaki lile lile kwa sehemu bapa. Chini ya tufe la fedha sharti hilo halifai, kwa sababu huko uga hubadilika ndani ya unene wenyewe, na wavu lazima urudishwe. Mtafiti kwa hiyo husuka eneo la makumi machache ya nanomita kulizunguka kila tufe na kuliacha eneo lililobaki kwenye sharti la mpaka, na upana wa eneo lenye wavu huamuliwa kwa kujaribu.

Garissa imeleta swali lake ndani ya kazi hii, nalo ni vumbi. Chembe za mchanga zinazotua kwenye kioo cha paneli zina ukubwa wa maikromita kadhaa hadi makumi, wakati utando wenye vinyweleo ulio chini yake una unene wa nanomita 110 hivi na vinyweleo vya makumi ya nanomita. Hakuna wavu mmoja unaoweza kuvichukua vyote kwa gharama inayostahimilika. Kinachofanyika ni kuvihesabu vinyweleo kwa mbinu ya Bruggeman, kwa kuwa ni vidogo vya kutosha. Utando hukokotolewa kwa matriksi za zamani zisizo na wavu. Chembe ya vumbi hukokotolewa kwa mionzi iliyonyooka, kama miale katika lenzi. Na wavu mwembamba hubakizwa kwa mguso wa chembe na utando peke yake, ambako unyevu wa umande wa alfajiri huingia katika pembe ile ile isiyo na mwisho, ukaijaza, na kubadilisha kiasi cha nuru inayopenya kabla jua halijapanda na kuukausha.